Huyo Si Marehemu

Kidole kilikuwa bado kiko kwenye kibao, juu ya jina la saba, na mwenye kidole alikuwa ananitazama mimi.

"Nimeuliza," akasema. "Kaka yangu alikufa lini?"

Kwa mliokosa gazeti la wiki iliyopita, nawapa kwa ufupi, maana mhariri ananibana. Darasa letu la sekondari limetimiza miaka thelathini tangu tumalize. Tulikubaliana tusifanye sherehe, tuweke kibao shuleni chenye majina ya wenzetu waliotangulia. Nani aandike orodha? Mimi. Sikulazimishwa na mtu. Mimi ni mama wa watoto watatu na mtumishi wa maabara ya hospitali kwa miaka ishirini na mitano, na kazi ikizungushwa mezani bila mwenyewe, mkono wangu huinuka peke yake. Niliandika majina kumi na moja. Nikaandika na barua za mwaliko kwa familia kumi na moja.

Jumamosi saa nne asubuhi mwalimu mkuu akavuta kitambaa. Watu wakapiga makofi, halafu wakakumbuka kwamba hilo si jambo la kupigiwa makofi. Hapo ndipo mwanamke mmoja akanyanyuka kutoka viti vya nyuma, fundi cherehani, tepu ya kupimia bado iko shingoni, akaja mpaka mbele na kuweka kidole.

Msomaji mmoja amenitumia ujumbe kuniambia yote haya nimejitakia. Ni kweli. Endelea kusoma.

"Dada, pole sana," nikamwambia yule fundi. "Tarehe sina. Nilichonacho ni jina."

"Jina hata mimi ninalo. Nilikuwa nalo kabla yako. Nakuuliza alikufa lini, alifia wapi, na nani alimzika."

Nikageuka kumtafuta Redio.

Redio ni mwenzetu wa darasa. Jina hilo alipewa kidato cha kwanza, na mpaka leo hajahitaji betri. Wenzetu ambao sikujua wako wapi, nilimuuliza yeye. Nilimtumia picha ya darasa kwa simu, nikazungushia kila kichwa duara jekundu, naye akanijibu kwa sauti, kichwa kimoja kimoja.

"Redio, huyu wa saba. Si wewe uliyeniambia?"

"Nilikwambia nini?"

"Kwamba amekufa."

"Mimi? Mimi nimesema amekufa? Shoga, usinitie kwenye kesi! Toa ushahidi!"

Nikatoa simu. Ujumbe ulikuwepo. Nikaubonyeza mbele ya watu wote, nikapandisha sauti mpaka mwisho, na sauti ya Redio ikatoka:

"Aaa, huyo! Huyo si marehemu huyo, jamani! Maskini, kijana wa watu alikuwa anachora! Mama yake yuko pale pale, nyuma ya karakana ya mbao."

"Haya," nikasema. "Umejisikia?"

"Nimejisikia. Nimesema huyo si Marehemu."

"Ndiyo. Marehemu."

"Marehemu, jina! Jina lake la bwenini! Kwani wewe hukulijua?"

Sikulijua. Mimi nilimjua kama Ramani, kwa sababu somo la jiografia alikuwa anachora bara zima bila kuinua penseli, na mimi nilikuwa nanakili kutoka kwake. Sisi wasichana tulimwita hivyo. Kumbe upande wa wavulana alikuwa na jina lingine. Redio alilijuaje jina la bweni la wavulana? Hilo msiniulize mimi.

Mwenzetu mmoja mwenye kipara, siku hizi mwalimu wa hesabu, akaona aeleze. "Alikuwa analala usingizi mzito ajabu. Siku moja tulimfunika shuka mpaka kichwani, tukambeba na kitanda chake, tukamzungusha uwanja mzima huku tunaimba nyimbo za msiba. Akaamka mbele ya jiko, akauliza kama chakula kiko tayari."

Watu wakacheka. Walicheka kweli, mpaka wengine wakajifuta macho. Halafu mmoja mmoja wakamwona yule fundi cherehani, na kicheko kikaisha vibaya.

Maneno matatu tu: huyo si marehemu. Ukiyasoma kavu, yanasema hajafa. Ukiyasema kwa mshangao, kama unamkumbusha mtu, yanasema si yule aliyekufa, umemsahau? Mimi niliyasikia hivyo. Na Redio alikuwa na maana yake ya tatu, ambayo haikuhusu kufa wala kuishi.

Kazini kwangu sigusi chupa ya damu bila majina mawili na tarehe ya kuzaliwa. Nimewahi kurudisha chupa ya mama mzazi wa mganga mkuu kwa sababu lebo ilikuwa na jina moja, na nilitukanwa, na sikuipokea. Kwa walio hai niko hivyo. Kwa wafu niliridhika na ujumbe wa sekunde tisa.

Na niseme hili, kwa sababu ndilo linaloniuma. Wale wengine kumi ni kweli. Wa kwanza kwenye kibao ni yule niliyekaa naye dawati moja miaka miwili, aliyekuwa anakula chaki na kuapa kwamba ina ladha. Wa nne ni golikipa wetu, aliyefungwa saba kwa bila na akatoka uwanjani anapunga mkono. Watatu kati ya hao kumi, damu yao ilipita mikononi mwangu. Nilijua kabla yao wenyewe. Nikaandika majibu, nikatia saini, nikapitisha karatasi dirishani, nikatokea mlango wa nyuma ili tusikutane kwenye korido. Kusema ni kazi ya daktari. Ndivyo nilivyojiambia mara zote tatu.

Kwa hiyo nilipomsikia Redio akisema marehemu, sikushangaa. Nilishazoea. Niliandika tu.

"Sasa," akasema yule fundi cherehani, "kaka yangu yuko hai?"

Nikamtazama Redio. Redio akaitazama ardhi.

"Redio, yuko hai?"

"Mimi sijui, shoga. Sijamwona tangu tumalize."

"Mwalimu?"

Mwenye kipara akatikisa kichwa. Nikawauliza wote waliokuwa wamesimama pale, watu wazima ishirini na kitu, wenye vyeo vyao na vitambi vyao. Hakuna aliyejua.

"Kwa hiyo mlichonipa mimi ni jina la utani," akasema. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Akanieleza. Kaka yake aliondoka miaka tisa iliyopita na kampuni ya kujenga barabara. Miaka miwili alipiga simu kila Jumapili. Halafu simu zikakoma, na namba ikaacha kupatikana. Miaka saba. Alhamisi ikaja barua yenye mhuri wa shule: Kwa familia ya marehemu.

"Mama haoni vizuri. Nilimsomea mimi. Kwa mdomo wangu huu."

"Tunafuta," nikasema. "Leo hii hii. Fundi wa kibao yupo, namba yake ninayo."

"Futa. Na mama utamfuta na nini?"

Mimi ni mtu wa kwenda kwenye tatizo kwa miguu. Nikachukua mkoba wangu. "Twende kwake. Kosa ni langu, nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso."

Redio akataka kuja. Nikamwambia wewe baki, umeshasema ya kutosha. Akasema basi atatafuta, atauliza kila mtu anayemjua. Nikamwambia tafuta.

Tulitembea. Si mbali, unashuka barabara ya shule, unapita maduka ya mabati na rangi. Nilikuwa natembea haraka, maneno yangu nimeshayapanga: mama, nimekosea, mwanao hajafa, nisamehe. Tulipofika kona ya karakana ya mbao, msumeno unalia ndani, yule fundi cherehani akanishika mkono.

"Subiri. Kuna jambo hulijui."

"Sema."

"Mama ana presha ya jicho. La kulia limeshakwenda. La kushoto, daktari amesema bila kukatwa mwezi huu, nalo linakwenda. Anatakiwa kulazwa siku nne. Amekataa mara tatu."

"Anaogopa kisu?"

"Kisu haogopi, amezaa sita. Anasema akilazwa, mwanawe akija atakuta mlango umefungwa. Miaka saba mama hajalala nje ya nyumba ile hata siku moja. Mdogo wangu ameolewa, mama hakwenda harusini."

Vumbi la mbao lilikuwa linatuangukia. Hakuna aliyejifuta.

"Alhamisi nimemsomea barua, amelia mpaka sauti ikakauka. Ijumaa ameamka, amefunga mlango kwa kufuli, amenishika bega, ameniambia, haya, nipeleke kwa daktari wako. Nimempeleka. Tumepewa kitanda. Jumatatu asubuhi."

"Jumatatu hii?"

"Keshokutwa. Sasa wewe unakwenda kumwambia hajafa. Sawa. Yuko hai?"

"Sijui."

"Basi unakwenda kumwambia hujui. Hilo alikuwa nalo miaka saba, hakuhitaji aletewe. Na Jumatatu hatanyanyuka mlangoni pale."

Nikaomba kuelekezwa, mimi. Wanangu wakisoma hapa hawataamini, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Unataka nifanye nini, dada?"

"Mimi nije nikwambie la kufanya? Wewe ndiye mwenye orodha."

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, imepakwa chokaa, mlango wa bluu uliofifia. Nje kulikuwa na mabenchi ya kuazima na majirani wanne wanakunywa chai. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mnyoofu, kichwa amekiinamisha upande mmoja ili jicho lililobaki lifanye kazi.

"Mama, shikamoo. Pole na msiba," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo. Mdomo ulitangulia.

"Marahaba, mwanangu. Nani huyu?"

"Huyu ndiye aliyeandika barua, mama," akasema fundi cherehani. "Walisoma pamoja na kaka."

Yule mama akainuka. Akanipapasa mabega, akanipapasa uso, kama anayechagua kitambaa. Nilidhani atanipiga. Ningeshukuru.

"Ahsante," akasema. "Ahsante, mwanangu. Watu saba wa mtaa huu wamepotelewa na wana, hakuna aliyeandikiwa barua. Mimi nimeandikiwa. Kaa hapa karibu yangu."

Nikakaa. Nikapewa chai. Nikaishika.

"Alikuwa mtundu shuleni?"

Hilo niliweza. "Hapana, mama. Alikuwa mpole. Alikuwa anachora ramani nzuri kuliko za kitabuni."

"Na kulala?"

"Kulala alikuwa analala."

Akacheka, majirani wakacheka. "Huyo! Nilikuwa namwaga maji kitandani! Anageuka upande mkavu, anaendelea!" Akafuta jicho kwa kiganja. "Sasa niambie. Mwisho wake alikuwa na nani?"

"Mama, mimi sikuwepo."

"Najua hukuwepo. Lakini aliyewaambia alikuwepo."

"Aliyeniambia... naye alisikia tu."

"Kwa nani?"

Angalieni nilivyonaswa. Kila nililosema lilikuwa kweli, na kila kweli ilikuwa inaniingiza ndani zaidi. Fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni, tepu ameizungusha mkononi mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"Mama," nikasema, "kuhusu ile barua..."

"Barua nimeiweka. Sikiliza, nina ombi moja, na wewe naona ni mtu wa vitendo, hata mikono yako ni ya mtu wa kazi. Jumatatu nakwenda kukatwa hili jicho. Wameniambia siku kumi nitaondoa bandeji. Bandeji ikitoka, wewe ndiye utakayenipeleka."

"Wapi, mama?"

"Kaburini kwake. Wewe unadhani nakatwa jicho la nini, nikatazame magari? Nataka nilione kwa jicho langu, nisiambiwe ni hapa, nikapapasa udongo wa mtu mwingine. Nikishaliona, hata likizima, lizime."

Majirani wakasema ndiyo, ndiyo. Mmoja akaniambia Mungu akubariki.

Nilimtazama fundi cherehani. Kumbe naye hilo hakulijua. Niliona uso wake unabadilika, kama mtu aliyekata kitambaa cha watu kisha akagundua amekosea upande.

Simu yangu ikaita. Redio. Nikasema samahani, nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye kamba za nguo na lundo la maranda ya mbao.

"Nimempata!" Redio alikuwa anahema kama amekimbia. "Shoga, nimempata! Mwalimu ana shemeji yake dereva, dereva anamjua fundi mmoja... wewe acha, hadithi ndefu. Yuko hai! Nimempa namba yako, anakupigia sasa hivi!"

"Redio, una hakika ni yeye? Majina mawili?"

"Majina matatu! Na mwaka wa kuzaliwa nimemuuliza! Unaniona mjinga?"

Akakata. Sikumaliza hata kupumua, ikaita namba nisiyoijua.

"Haloo."

"Wewe ndiye uliyeniua?"

Sauti ya mwanamume, ya taratibu, kama mtu aliyetoka kuamka.

"Ndiyo mimi. Uko wapi?"

Akanitajia. Nikadhani sikusikia vizuri, nikamwambia rudia. Akarudia. Ni mwendo wa saa mbili kwa basi. Ninapita pale nikienda kwa dada yangu.

"Saa mbili? Miaka saba, saa mbili?"

"Mwaka wa kwanza mambo yalinivurugikia, nikaona aibu. Mwaka wa pili nikaona aibu ya ule ukimya wa mwaka wa kwanza. Sasa ni saba. Hebu niambie, dada, ningeanzia wapi?"

"Ungeanza na shikamoo."

Akacheka kidogo, kisha hakucheka tena.

"Mama ameambiwa?"

"Ameambiwa."

"Amelia?"

"Siku nzima."

"Na sasa?"

"Sasa anakunywa chai na majirani."

Akavuta pumzi. "Basi yamekwisha. Mwacheni. Na mimi niacheni hivyo hivyo nilivyoandikwa. Sikutukani, dada, nakushukuru. Jambo nililoshindwa miaka saba umelifanya wewe kwa barua moja."

Ni wa pili kunishukuru siku ile, mama na mwana, kwa kosa lile lile. Hapo hasira zikanipanda. Nikasahau niko wapi.

"Nisikilize vizuri! Mama yako Jumatatu anakwenda kukatwa jicho ili akalione kaburi lako! Mimi nimpeleke kaburi la nani? Eh? Nimchimbie? Mama yako hajavuka mlango wake miaka saba kwa ajili yako, na wewe..."

"Mama wa nani?"

Sauti haikutoka kwenye simu.

Nikageuka. Yule mama alikuwa amekuja peke yake, mkono mmoja ukutani, chokaa imemjaa kwenye vidole. Nyuma yake fundi cherehani alikuwa amefika mbio na akasimama, ameziba mdomo, ananitikisia kichwa: hapana, hapana. Sikujua anakataa nipi. Nadhani hata yeye hakujua.

"Nimekuuliza, mwanangu. Mama wa nani anataka kuliona kaburi, na unamwambia nani?"

Nikimpa simu, nimemrudishia mwana. Jumatatu atafagia uwanja, atakaa mlangoni kumsubiri, na mwana huyu ninavyomsikia hatakuja, na jicho halitamngoja. Nikikata, atalazwa, atapona, na siku ya kumi na moja atanishika mkono aniambie twende. Nilitafuta njia ya tatu. Nilitafuta kweli. Kama kuna msomaji aliyeiona, amechelewa.

Kwenye simu mwanawe alikuwa bado yupo. Hakuwa amekata. Nilimsikia anapumua, na nikajua kwamba ameisikia sauti ya mama yake.

"Mama," nikasema, "rudi ukakae, nakuja."

"Nipe hiyo simu."

Akanyoosha mkono, kiganja wazi. Ulipita pembeni ya simu, ukasimama hewani, ukaningoja.